Mradi wa Nyangeta na Vumbi la Kokoto

Siku nilipokabidhi stoo ya Sanaa, mwalimu kijana aliyepokea nafasi yangu aliniuliza swali moja tu. "Madam, mwanafunzi akisema hajui achore nini, unamfanyaje?" Nilimjibu harakaharaka, maana nilikuwa nasubiriwa nje kwa ajili ya kukata keki. Nilisema, "Mvumilie." Lilikuwa jibu bovu, na keki yenyewe ilikuwa kavu. Haya ninayoandika ni jaribio la pili la kumjibu, yeye pamoja na ninyi wengine mnaofundisha somo hili katika shule ambazo chumba cha Sanaa ndicho mahali pa kutupia viti vilivyovunjika.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Vilikuwa vidogo, na havikunifundisha kitu.

Nilifika Mwanza nikitokea Kagera, msichana mwenye cheti kipya na viatu visivyofaa kwa mji wa miamba. Shule niliyopangiwa iko Mirongo, karibu na mto, na nimekaa hapo hapo mpaka nikastaafu. Mkuu wa shule wa wakati ule alisoma barua yangu mara mbili. "Sanaa," alisema, kama mtu aliyeletewa mzigo ambao hakuagiza. "Basi utashika na michezo." Akanionyesha chumba. Ndani kulikuwa na mipira minne, mitatu haina upepo, na mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi akichonga penseli kwa kisu.

Huyo alikuwa Mzee Lubango, mwalimu wa Sanaa aliyenitangulia. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akanisogezea penseli na kisu kingine. Wiki nzima ya kwanza sikufundisha. Nilichonga penseli. Nilipouliza kwa nini hatutumii kichongeo kama watu wengine, alinionyesha ncha ya kwake, ndefu kama mwiba wa mgunga. Akailaza kwenye karatasi, akavuta kivuli kipana cha kijivu. Kisha akachukua penseli iliyochongwa kwa kichongeo, akailaza hivyo hivyo, mbao yake ikakwaruza karatasi. Akarudi kuchonga. Hiyo ndiyo ilikuwa semina yangu elekezi.

Vifaa alivyonifundisha kutengeneza bado vinafaa, kwa hiyo nawaandikieni. Mkaa wa kuchorea: vijiti vikavu vya unene wa kidole kidogo, uvipange ndani ya kopo la maziwa ya unga, ufunike, utoboe tundu moja kwenye kifuniko, uweke kopo jikoni mpaka moshi ukome kutoka. Ukifungua mapema utapata vijiti vilivyoungua nje tu. Ukichelewa utapata majivu. Nyekundu: udongo wa barabara iliyochongwa kupanda mlima kule Igogo, uusage, uuchekeche. Njano: manjano ya mchuzi, lakini hupauka, usiitumie kwa kazi itakayokaa juani. Bluu: ile ya kufulia nguo nyeupe. Nyeusi: masizi ya sufuria. Kila siku ya Jumatatu nilikuwa naingia ofisi ya walimu nikiwa na kucha za fundi gereji.

Mwaka ule ule nilifanya kosa ambalo nadhani kila mwalimu wa Sanaa hulifanya mara moja, na wengine huliendeleza mpaka wanastaafu. Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia. Kazi za wanafunzi zilikuwa na mikono mifupi, nyumba zilizolala upande, ng'ombe wenye nyuso za watu. Nikashika brashi, nikazinyoosha zote. Nilipozitundika, Mzee Lubango alipita mbele ya ukuta taratibu, mikono nyuma. Alipofika mwisho akatoa kalamu mfukoni, akanipa.

"Mwalimu Kemilembe, weka jina lako."

"Wapi, Mzee?"

"Kwenye zote kumi na nne. Ni zako."

Nilidhani anatania. Alisimama pale pale mpaka nikaandika jina langu mara kumi na nne. Wazazi walipokuja walinipongeza kwa kipaji, na wanafunzi walikaa nyuma ya ukumbi wakiangalia viatu vyao. Tangu siku ile sijaweka brashi kwenye kazi ya mwanafunzi. Mara moja tu nilikaribia, na nitaisimulia.

Kitu cha mwisho alichoniachia kabla hajarudi kwao kulima ni daftari la makosa. Kila mwanafunzi anayefanya mradi anakuwa na daftari, na kwa kila jaribio anaandika mistari mitatu: nilitaka nini, nilifanya nini, kimetokea nini. Hakuna kunyofoa ukurasa. Hakuna kufuta. Watoto hulichukia daftari hili kwa muhula mzima, kwa sababu linawafanya waonekane wajinga kwa mwandiko wao wenyewe. Niliwalazimisha kwa miaka yote kwa sababu mimi nililazimishwa. Umuhimu wake hasa niliuelewa kwa Nyangeta.

Ilikuwa miaka michache tu kabla sijastaafu. Mada ya mradi wa kidato cha nne ilikuwa neno moja: Kazi. Mtahini angekuja kutoka nje mwishoni mwa muhula, aone kila mwanafunzi alichotengeneza, amhoji namna alivyokitengeneza, atoe alama. Nyangeta alikuwa msichana mrefu, mkimya, anayekaa karibu na dirisha. Familia yao ilitoka upande wa Mara, wakahamia Mabatini akiwa mdogo. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha. Ukimpa picha ya kalenda, anakurudishia kalenda. Hilo ndilo lilikuwa tatizo.

Wiki ya kwanza aliniletea lile jiwe linalosimama ziwani, lile ambalo kila mgeni hulipiga picha, na nyuma yake jua linazama. Ilikuwa nzuri sana.

"Hii uliichora ukiwa umekaa wapi?" nikamuuliza.

"Nyumbani, Madam."

"Kutoka kwenu mnaliona jiwe hili?"

"Hapana. Liko kwenye simu ya kaka."

"Sawa. Mada yetu ni kazi. Hapa anayefanya kazi ni nani?"

Aliangalia picha yake kwa muda mrefu. "Jua," akasema.

Darasa zima liliangua kicheko, nami niligeukia ubao kidogo ili nisionekane. Lakini nilimrudishia. Wiki iliyofuata alileta nesi anayetabasamu. Iliyofuata, rubani. Wote walitoka kwenye simu ya kaka, na wote walikuwa na meno ya tangazo la dawa ya mswaki. Nilimrudishia tena. Mara ya tatu alikusanya karatasi yake kwa hasira, na mimi nikamwita kabla hajafika mlangoni.

"Leo asubuhi ulipoamka, nani alikuwa ameshaanza kazi?"

"Mama."

"Anafanya kazi gani?"

Alitazama mlango. "Anagonga kokoto," alisema kwa sauti ndogo. Wasichana wawili wa mbele waligeuka kumwangalia. Akaongeza haraka, "Lakini hiyo haichoreki, Madam. Haina rangi."

Nilidhani anaona aibu, na kwa sehemu ni kweli. Lakini alipoanza kunieleza niligundua alikuwa anasema jambo la ufundi. Jiwe ni la kijivu. Vumbi ni la kijivu. Kitenge cha mama yake, hata kikifuliwa Jumapili, kufikia Jumatatu saa nne ni cha kijivu. Mikono, kope, nyundo, kila kitu. Alikuwa ameshamwangalia mama yake kwa makini kuliko alivyojua mwenyewe.

"Basi tuna tatizo la rangi," nikamwambia. "Tatizo la rangi lina dawa. Kaangalie, uchore ukiwa pale pale. Simu ya kaka iache."

Wiki saba zilizofuata alipanda kila jioni baada ya masomo hadi mlimani, mama yake anakogongea kokoto. Daftari lake la makosa lilinenepa. Alichora mkono unaoshika nyundo, ukatoka kama mkono unaoshika kijiko. Akauchora tena. Niliwahi kuhesabu mikono, nikaacha ilipopita arobaini. Kuhusu kijivu, alijaribu penseli, ikang'aa kama mafuta. Alijaribu mkaa, ukawa mweusi mno. Alichanganya rangi nyeusi na nyeupe za dukani, akapata kijivu cha ukuta wa ofisi ya serikali.

Siku moja akaja na kopo limejaa vumbi lenyewe, lile linalobaki chini mama yake akishamaliza kugonga. "Madam, kwa nini nitafute rangi inayofanana nalo?"

Sikuwa na sababu ya kumkatalia, wala sikuwa na njia ya kumsaidia, maana sikuwahi kupaka jiwe kwa jiwe. Tulianza kujaribu. Vumbi na uji wa muhogo: lilikauka vizuri, likabanduka, na mende wakala kilichobaki. Vumbi na gundi nyeupe ya mbao: lilipasuka kama tope la kiangazi. Katika daftari aliandika, "Nilitaka jiwe. Nilipaka gundi vijiko vitatu kwa vumbi kikombe kimoja. Nimepata ukoko wa ugali." Ukurasa baada ya ukurasa, mpaka akafika: vumbi lichekechwe mara mbili kwa kanga kuukuu, gundi ilegezwe kwa maji, paka nyembamba, subiri ikauke kabisa, paka tena, mara sita. Sehemu zenye mwanga, usipake, bali sugua kwa jiwe lenyewe.

Picha ilipokamilika ilikuwa pana kuliko meza yangu, juu ya hadibodi. Mama yake amekaa juu ya rundo, miguu ameinyoosha, nyundo iko juu, macho yanaangalia jiwe aliloliweka ndani ya pete ya mpira wa tairi ili lisiruke. Ukigusa, unagusa mlima. Niliitazama nikajisikia mwalimu hodari, na hiyo ni hali inayotakiwa kumtia mtu wasiwasi.

Mzee Lubango alikuwa amenifundisha kwamba kazi ya mwanafunzi haikai chini. Sakafu ya Mirongo, alisema, ni ya mto, sisi tumeazima. Miaka yote nilifuata. Ijumaa ile makamu mkuu wa shule aliomba rafu za juu za stoo ili aweke mabunda ya karatasi za mtihani wa majaribio. Ningeweza kukataa. Nilikuwa nimechoka, nikasema sawa, ni siku mbili tu. Kazi nyingine zilikuwa za karatasi, zimetundikwa kwenye waya. Ya Nyangeta pekee ilikuwa kubwa na nzito mno kutundika. Niliiegemeza ukutani, chini.

Mvua ilinyesha Jumamosi mchana na Jumapili yote. Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua mlango wa stoo, niliona mstari wa tope kwenye ukuta wa nje, juu ya goti langu. Ndani, hadibodi ilikuwa imevimba kama mkate uliodondoka kwenye chai. Vumbi lote alilolipaka kwa matabaka sita lilikuwa limeteleza chini na kurudi kuwa udongo. Juu kabisa ilibaki nyundo na nusu ya mkono. Karatasi za mtihani wa majaribio zilikuwa salama, kavu kabisa.

Nilimwita Nyangeta kabla ya kipindi cha kwanza. Sikutaka asikie kwa mwingine.

"Niliiweka chini," nilimwambia. "Najua haitakiwi kuwekwa chini. Ni kosa langu, si la mvua."

Hakulia. Aliingia, akachuchumaa mbele ya ubao, akagusa pale palipokuwa uso wa mama yake. Kidole kikatoka na tope. Kimya kile kilinishinda, nikaanza kuongea, na hapo ndipo nilipofanya kosa la pili. Nilimwambia tunaweza kuikausha ilivyo. Nilimwambia wasanii wa siku hizi huacha maji na ajali viwe sehemu ya kazi, kwamba tope hili lina ujumbe wake, kwamba mtahini anaweza hata kuvutiwa. Nilikuwa naongea vizuri kabisa. Nusura nijishawishi mwenyewe.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akasimama.

"Madam, hili ni tope. Mama hafanyi kazi kwenye tope. Anafanya kazi kwenye vumbi."

Nikaacha kumshawishi.

"Mtahini anakuja lini?" akauliza.

"Jumatano ya wiki ijayo. Zimebaki siku tisa ukihesabu na leo. Nyangeta, hii ilikuchukua wiki saba."

"Wiki saba nilikuwa natafuta," alisema. "Sasa sitafuti." Akafungua begi lake, akatoa daftari la makosa. Alikuwa amekwenda nalo nyumbani Ijumaa, kama kawaida yake. Lilikuwa kavu.

Makamu mkuu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alishauri awasilishe moja ya michoro ya penseli na arudi kwenye Hisabati. Nilikwenda naye Nyangeta kwa mkuu wa shule, mama ambaye mwenyewe alifundisha hiyo Hisabati. Nilieleza kosa langu. Mkuu wa shule akamgeukia msichana.

"Ukishindwa kumaliza?"

"Nitampa mtahini nitakapofikia."

"Vipindi hukosi hata kimoja. Jioni zote ni zako."

Ubao mwingine haukuwepo. Hadibodi ya ukubwa ule ilikuwa moja tu shule nzima, nayo ilikuwa ukutani katika ofisi ya walimu, imebeba matangazo. Nilichukua bisibisi saa ya chai nikaifungua. Ruhusa niliomba baadaye. Matangazo yalibandikwa dirishani hadi mwaka ulipokwisha, na sikusikia mwalimu yeyote akilalamika kwamba amekosa habari.

Jioni ile nilipanda naye mlimani, kubeba makopo ya vumbi jipya, na pia kwa sababu nilikuwa na deni la maelezo kwa mama yake. Alikuwa chini ya kivuli cha gunia lililofungwa kwenye miti minne, nyuma yake jabali kubwa, mbele yake rundo.

"Shikamoo, Mwarimu," alisema, kwa ile r ya kwao.

"Marahaba, Mama Nyangeta. Habari za kazi?"

"Nzuri. Karibu, ila usisimame hapo. Vinaruka."

Nilihama. Nikamweleza kila kitu, mto, rafu, sakafu. Alisikiliza huku anagonga. Nilipomaliza alisema, "Kwa hiyo mnataka nikae tena."

"Kama utaweza."

"Ile mara ya kwanza alikuwa ananiambia, mama simama kidogo, mama usitikisike. Nimepoteza debe ngapi za kokoto." Akacheka. "Safari hii sikai. Nikikaa rundo halikui. Anichore hivi hivi nikigonga."

Nyangeta alianza kubisha, akatazama saa yangu, akaacha. Alikaa juu ya jiwe akafungua daftari. Mimi, kwa kuwa nilikuwa pale, niliomba nyundo ya pili. Niligonga mara nane, jiwe halikubadilika hata kidogo. Mama Nyangeta akanyoosha mkono, akaligeuza upande, akaligonga mara moja, likafunguka. "Lina mshipa," alisema. "Unautafuta kwanza."

Baada ya muda Nyangeta akaniita. "Madam, muangalie macho."

Niliangalia. Nyundo inapanda, macho yako wazi. Nyundo inashuka, na kabla tu haijagusa, yanafumba. Kila mara. Hakuna aliyewahi kumfundisha. Ni vipande vinavyoruka vilivyomfundisha. Katika picha ya kwanza macho yalikuwa wazi, kwa sababu aliichora kutoka kwa mama aliyesimamisha nyundo hewani ili apendeze. Wiki saba, mikono zaidi ya arobaini, na sote wawili, mwalimu na mwanafunzi, hatukuona.

"Mama, kumbe unafumba macho?"

"Sasa ningekuwa bado ninayo?" alijibu mama yake, nyundo ikashuka.

Siku zilizofuata alifanya kazi kwa mpangilio ambao sijauona kwa mtu mzima. Jumanne, kuchora umbo zima kwa mkaa. Jumatano, kuchekecha. Alhamisi, tabaka la kwanza asubuhi kabla ya gwaride, la pili saa ya chakula. Daftari lilikuwa limefunguliwa mezani, na pale alipokuwa ameandika ukoko wa ugali alipita bila kusimama. Tulihamia kwenye jukwaa la ukumbi, futi nne kutoka ardhini. Kila nilipopita hapo nilitazama angani.

Jumatatu, siku mbili kabla ya mtahini, nilimkuta amekaa mbele ya picha, mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake. Ilibaki kona yote ya jabali la nyuma. Ilikuwa sehemu rahisi, kijivu kitupu, mtu yeyote angeweza. Brashi ilikuwa kwenye kopo, nikaichukua. Nilitaka tu kujaza ile kona ili akapumzike. Kosa lilikuwa langu tangu mwanzo, nikajiambia, na hii ndiyo namna ya kulilipa. Nilikuwa nimeshaichovya.

"Madam," alisema. "Naomba brashi."

Nikampa. Nilikwenda kumtafutia chai, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu halali pale.

Mtahini alikuwa mzee mmoja mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipita kwa wanafunzi wote bila kusema zaidi ya maneno kumi kwa kila mmoja. Kwa Nyangeta alisimama. Tabaka la mwisho lilikuwa limekauka saa mbili tu zilizopita, na ile kona ya juu ilikuwa na matabaka manne badala ya sita. Niliona kwamba ameona.

"Hapa hujamaliza."

"Ndiyo, sikumaliza. Yanatakiwa sita. Yapo manne."

"Huyu amelala?"

"Hapana, mzee. Nyundo inashuka. Vipande vinaruka."

Mtahini aliinama karibu. Akavua miwani, akairudisha. "Kijivu hiki umekipata wapi?"

Nyangeta akampa daftari. Yule mzee akavuta kiti cha mwanafunzi, akakaa, akasoma ukurasa baada ya ukurasa wakati wengine wamesimama kwenye mstari wanasubiri. Mahali fulani alicheka peke yake. Nadhani ni kwenye ukoko. Alipofika kwenye ukurasa ulioandikwa, "Nilitaka picha ibaki. Imeingia maji. Naanza upya," alinitazama mimi, si yeye, na nilistahili kutazamwa hivyo.

Alama yake ilikuwa nzuri, lakini hakuwa wa kwanza. Wa kwanza alikuwa mwenzake aliyefinyanga mitungi. Nilikasirika kwa wiki moja, Nyangeta hakukasirika. Siku hizi anachora ramani za majengo kwa fundi mmoja hapa mjini, na nimeambiwa hakubali kuchora nyumba ambayo hajaenda kusimama kwenye kiwanja chake.

Sasa mwalimu kijana, swali lako. Mwanafunzi akisema hajui achore nini, mrudishe akaangalie. Akirudi na kitu kizuri ambacho hakukiona kwa macho yake, mrudishe tena, hata kama atakununia. Aandike kila kinachoharibika. Na wewe, kazi yake uiweke juu, na mikono yako uiweke mbali nayo. Ni hayo tu, na yalinichukua maisha yangu yote ya kazi.

Shule ilipofungwa, Mama Nyangeta alikuja kuichukua picha. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia geti lile. Alikuwa amevaa kitenge kipya na alisimama mbele ya ukumbi kama mtu aliyeitwa kujibu mashtaka. Nyangeta aliigeuza, mama akaitazama. Alisogea, akakwaruza jabali kwa ukucha, akakiangalia alichokitoa.

"Hili ni la pale juu kwetu," alisema. "La kule chini lina weusi."

"Ni la pale juu," Nyangeta alijibu.

Wakaibeba wawili, mama mbele, mtoto nyuma, nami nikafuata na daftari na kopo. Ilikuwa pana kiasi kwamba Mabatini ilibidi watu watupishe kwenye uchochoro. Fundi cherehani alisimamisha mashine yake. Mwanamke aliyekuwa anauza nyanya akainuka akaiangalia vizuri, picha nzima, kisha akamwangalia aliyeibeba.

"Mama Nyangeta, huyo nani?"

Hakusimama. Alirekebisha mkono wake chini ya ubao, akaendelea kupanda.

"Ni mimi," alisema. "Nipo kazini."